Nani Anadhamini Kizibo? Fedha na Maji katika Dunia ya Fallout: New Vegas

Kwenye lango la Strip, mtaa wa makasino katika gemu ya kompyuta Fallout: New Vegas, husimama roboti wa gurudumu moja mwenye uso wa polisi kwenye kioo chake. Hakuulizi jina wala kwenu. Anataka kujua kama una vizibo 2,000. Ukiwa navyo unapita, na wala havichukui. Anataka aone tu kwamba si hohehahe. Ukiwa huna, pale Freeside nje ya lango kuna duka la Mick na Ralph, na Ralph atakutengenezea pasipoti ya kughushi kwa vizibo 500. Ukijaribu kupita mbio bila hiki wala kile, unamiminiwa risasi.

Vizibo vyenyewe ni vya chupa za soda, vile vile tunavyopanga kwenye ubao wa dama, vya huyu chali na vya yule kifudifudi. Anayeisikia Fallout kwa mara ya kwanza hucheka hapo. Watu wameokoka vita vya nyuklia vya mwaka 2077, wameunda serikali, jeshi na bunge, wanazalisha umeme kwenye Bwawa la Hoover, halafu wanalipana visoda? Kucheka ni haki yake. Swali lililo ndani ya kicheko hicho ni zito, na gemu nyingi za kuigiza mhusika zingelikwepa. Fallout: New Vegas, iliyotengenezwa na Obsidian Entertainment na kutolewa Oktoba 2010, haikulikwepa. Namna ilivyolijibu ndicho kisa cha makala haya, pamoja na pale ambapo jibu lenyewe linavuja.

Tatizo walilirithi. Katika Fallout ya kwanza, ya mwaka 1997, hadithi inatokea kusini mwa California mwaka 2161. Mji mkubwa wa biashara unaitwa Hub, na wafanyabiashara wake ndio wanaovipa vizibo thamani. Hadithi nzima inaanza kwa kiu: kifaa cha kusafisha maji kimeharibika kwenye handaki walimojificha watu wako, nawe unapewa siku 150 ukatafute kingine. Katika nchi ya namna hiyo, mwenye maji akisema kizibo ni pesa, kizibo ni pesa.

Gemu ya pili ikatoka 1998, nayo inatokea mwaka 2241. Miaka 80 imepita. Kijiji cha zamani kimekua kikawa dola, New California Republic, NCR kwa kifupi, na dola hiyo ina sarafu zake za dhahabu. Vizibo vimekwisha thamani. Waandishi wakatia na utani: kuna mahali mchezaji anahangaika kutafuta hazina iliyofichwa, akiipata anakuta ni rundo la vizibo visivyonunua hata mkate. Utani mzuri kabisa, maana unakuonyesha kwamba muda umepita.

Halafu mfululizo ukaingia mikononi mwa kampuni ya Bethesda, na Fallout 3, iliyotoka 2008, ikahamia Washington, upande wa pili wa bara, mwaka 2277. Na vizibo vikarudi! Kwa nini watu wasiowahi kukanyaga Hub walipane kwa vizibo? Gemu haisemi. Nadhani jibu la kweli ni kwamba kizibo kilikuwa kimeshakuwa nembo ya Fallout, na nembo haiulizwi imetoka wapi. Siichukii Fallout 3. Kupotea ndani ya magofu yake ni raha ambayo New Vegas haikuifikia. Lakini ukikaa pale Megaton, mji uliojengwa kuzunguka bomu ambalo halijalipuka, ukaangalia watu wanakula nini na wanakilima wapi, utaangalia sana. Kuna ng'ombe wachache wenye vichwa viwili, na kwenye maduka kuna makopo ya miaka 200. Shamba hulioni.

Obsidian walikabidhiwa injini ile ile, yaani programu inayoiendesha gemu, na mifumo ile ile, na muda wa kama miezi 18. Baadhi ya wakuu wa kazi, akiwemo mkurugenzi Joshua Sawyer, walikuwa wametoka Black Isle, studio iliyotengeneza Fallout ya pili. Hadithi yao waliiweka Nevada mwaka 2281, miaka 40 tu baada ya gemu ile, na jirani kabisa na NCR. Hapo ndipo mgongano ulipo. Historia iliyoandikwa inasema eneo hili lingepaswa kutumia pesa ya NCR. Mfumo wa gemu, pamoja na mazoea ya wachezaji wa 2008, unasema vizibo. Njia rahisi ilikuwa kunyamaza. Wao wakauchukua mgongano ule wakaugeuza tukio la kihistoria.

Kwa mujibu wa historia hiyo, NCR ilipigana na Brotherhood of Steel, kundi la wanajeshi watawa wanaokusanya teknolojia ya kale na kuwanyima wengine. Brotherhood walikuwa wachache, hivyo walipiga panapouma: akiba ya dhahabu. Sarafu mpya hazikuweza kutengenezwa tena, na noti zilizokuwa mikononi mwa watu zikabaki bila dhahabu nyuma yake. Serikali ikaziacha noti ziendelee kwa ahadi tu. Wananchi wakaingiwa na hofu. Ndipo wafanyabiashara wa Hub, ambao misafara yao ndiyo inayounganisha California na jangwa la Mojave, wakakirudisha kizibo na kukidhamini kwa maji, kama zamani.

Tazama sasa jambo hili linavyokaa mkononi mwa mchezaji. Hakuna mtu anayekusomesha somo la uchumi. Unapekua mfuko wa askari wa NCR aliyekufa barabarani, unakuta noti ya dola 100. Unafurahi. Unafika dukani, unaambiwa ni vizibo 40. Noti ya 20 ni vizibo 8, ya 5 ni viwili. Kwa tarakimu hizo tu umeshajua kwamba jeshi linalotamba na bendera kila kituo cha njiani lina kasoro nyumbani kwake. Askari wake analipwa karatasi ambayo muuza risasi anaihesabu chini ya nusu. Baadaye, ukisikia askari wa mstari wa mbele wakinung'unika kwamba wametawanywa mno na kwamba hawaelewi wamefuata nini huku jangwani, hushangai. Habari ulishaipata kwenye noti.

Hiki ndicho ninachokiita ushahidi wa dunia kuaminika. Wingi wa maelezo si hoja. Zipo gemu zenye vitabu mia kwenye kabati na kila kimoja kinazungumzia mfalme aliyekufa zamani, na ukivisoma vyote bei ya mkate haibadiliki. Hapa jambo moja lililotokea nje ya hadithi yako, tena kabla hujaanza kucheza, limefika mpaka kwenye chenji unayorudishiwa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika gemu hii inatoka hapohapo. Kampuni kubwa ya misafara, Crimson Caravan, ina ofisi yake nje ya kuta za Vegas, chini ya mama mmoja asiyecheka ovyo, Alice McLafferty. Baada ya kumfanyia kazi kadhaa anakutuma kwenye kiwanda cha kale cha soda ya Sunset Sarsaparilla. Mle ndani kuna mashine ya kugonga vizibo. Hataki uilete. Anataka uiharibu, maana mtu yeyote mwenye mashine ile anaweza kugonga pesa mpaka achoke.

Mara ya kwanza kazi hiyo yaweza kuonekana ndogo: ingia, gusa mashine, toka. Lakini fikiria imekwambia nini. Kizibo kinafaa kuwa pesa kwa sababu kimebaki kile cha kabla ya vita, hakitengenezwi tena, na kukighushi kwa mkono ni taabu. Hicho ndicho kinachokilinda, pamoja na neno la wafanyabiashara. Kwa hiyo wenye pesa ile wanalala jicho moja wazi, na wakisikia kuna mashine inayofanya kazi mahali fulani, wanatuma mtu. Benki kuu ya Mojave ni wewe na bunduki yako.

Pwani yetu iliwahi kushiriki upande wa pili wa kisa cha namna hii. Katika Afrika Magharibi kauri, yale magamba madogo ya konokono wa baharini, zilikuwa pesa kwa karne nyingi, na nyingi zilikuwa zikitoka visiwa vya Maldivi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kijerumani, nyumba ya O'Swald ya Hamburg ikiwa mbele, waligundua kwamba Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki kuna kauri tele kwa bei ya kutupa. Wakazipakia kwa shehena baada ya shehena hadi pwani ya Lagos na Dahomey. Wao walitajirika. Kwa waliozipokea, thamani ya kauri iliporomoka, na mwenye akiba ya kauri ndani alijikuta na mzigo wa kubeba. McLafferty anaogopa jambo hilohilo, na mtunzi aliyeibuni kazi ile alijua pesa hufa vipi.

Tena tazama ni nani anayekutuma. Si serikali, ni kampuni. Kwa kuwa kizibo ni pesa ya wafanyabiashara, wafanyabiashara ndio wamekuwa dola, na gemu inafuata hoja hiyo mpaka kwenye uchafu wake. Rose of Sharon Cassidy, mwenye kampuni ndogo ya misafara, amekwama kwenye kituo cha mpakani cha Mojave akinywa pombe, kwa sababu msafara wake umechomwa njiani mpaka ukawa majivu. Ukimsaidia kufuatilia, unagundua kwamba Crimson Caravan na wauza silaha wa familia ya Van Graff wamekula njama ya kuwamaliza washindani. Mama yuleyule anayelinda thamani ya pesa yako kule kiwandani ndiye aliyewaua watu wa Cass. Gemu haikuhubirii, na wala haikulazimishi kumchukia. Ipo njia ya kumalizana naye kwa bunduki na ipo njia ya karatasi za ushahidi.

Ng'ambo ya mto Colorado kuna jibu jingine kabisa. Legion ya Kaisari ni jeshi la watumwa na makabila yaliyotekwa, linaloongozwa na mtu aliyezaliwa akiitwa Edward Sallow, ambaye alisoma habari za Roma ya kale akazigeuza mwongozo wa kutawala. Pesa yao ni madini. Denarius ya fedha inapokelewa kwa vizibo 4, aureus ya dhahabu kwa 100. Hawana haja ya kumwomba mtu aamini ahadi; sarafu yenyewe ndiyo thamani. Na ukiwauliza wachuuzi wanaofanya biashara na Legion, kama Dale Barton pale Fort, kambi ya Legion, watakwambia kwamba katika barabara za Kaisari hakuna mnyang'anyi. Raul, fundi mzee anayeweza kusafiri nawe, anaikumbuka Arizona ya kabla ya Legion, na kumbukumbu zake si za kutamani.

Kwa hiyo unao watawala wawili. Mmoja ana uchaguzi, haki za raia na noti inayopungua thamani. Mwingine ana misalaba kandokando ya njia na sarafu ya dhahabu isiyoshuka. Sijui gemu nyingine iliyoweza kukupa sababu ya kuelewa kwa nini mfanyabiashara wa kawaida, asiye shetani, angependelea utawala wa kutisha, na ikakupa sababu hiyo kwa kukutia sarafu mkononi. Upungufu ni kwamba, ukiiacha kambi ya Fort, gemu ya msingi haikuingizi ndani ya nchi ya Legion hata siku moja. Barabara salama unasimuliwa tu. NCR unaiona na madoa yake yote. Legion unaiona ikichinja, kisha unaambiwa kwa mdomo kwamba kwao kuna amani. Mizani hiyo haikukaa sawa.

Turudi kwenye maji, kwani ndiyo yanayodaiwa kukidhamini kizibo. Mashariki ya Vegas kuna mashamba ya NCR. Wakulima wake walitoka California kwa ahadi ya ardhi, na sasa wanalima kwa masharti magumu huku maji ya mabomba yakipungua kila mwezi bila maelezo. Koplo mmoja wa jeshi, White, alianza kuchunguza, akatoweka. Ukifuata nyayo zake unaishia Westside, mtaa wa maskini uliokataa kuwa chini ya yeyote, ambao una shamba lake la ushirika, la kijani kuliko inavyostahili. Maji wanayachepusha kutoka kwenye bomba la NCR. Na koplo aliuawa na mtu wa kundi la Followers of the Apocalypse, kundi la matabibu na walimu ambao kwingine kote katika gemu ni watu wema.

Ukirudi McCarran, kambi ya jeshi la NCR, kutoa ripoti, unalo la kuamua: useme kweli, Westside wakose maji, au ufiche, na wakulima walioletwa kwa ahadi waendelee kukaukiwa. Hakuna upande wa kupigiwa makofi. Na inauma kwa sababu kila kipande cha kisa kinashika kingine. Maji ni pesa, pesa ni ya wafanyabiashara na jeshi, asiye na pesa anaiba maji ili ale, na anayeibiwa ni maskini mwenzake. Ukitoa kipande kimoja, tuseme mashamba yasingekuwepo kama kule Megaton, basi mauaji ya koplo yangekuwa fumbo la polisi tu.

Sasa kuhusu panapovuja. Ukichezea hali ya kawaida, mhusika wako hana kiu. Unaweza kuvuka jangwa la Mojave mwezi mzima bila tone, huku ukibeba pesa iliyodhaminiwa na maji. Obsidian waliweka hali ngumu ambamo unahitaji maji, chakula na usingizi, na risasi zina uzito. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo gemu halisi na ile nyingine ni ya matembezi. Lakini hata humo, ukisimama kwenye chemchemi pale Goodsprings una chupa tupu mkoba mzima, unaweza kuinama ukanywa, ila kujaza chupa huwezi. Injini haijui kujaza chupa. Dunia inayosema maji ni dhahabu imesahau kumpa mtu kata ya kuchotea.

Kuna na uzito. Kizibo halisi kina kama gramu 2, kwa hiyo vile 2,000 vya langoni ni kama kilo 4, na tajiri wa mwisho wa gemu mwenye 30,000 angehitaji punda. Katika gemu havina uzito wowote, hata kwenye hali ngumu ambayo risasi zinakuelemea. Hili nalisamehe bila shida. Mchezaji akianza kutafuta punda, hadithi imesimama.

Lisilosameheka kirahisi ni kiwango cha kubadilisha. Noti ya NCR ni vizibo 40 kwa 100 kila mahali: kwenye ghala la jeshi la NCR lenyewe, kwenye kasino, hata kwa mchuuzi wa porini. Denarius yenye sura ya adui inapokelewa na muuzaji wa kambi ya NCR bila kupepesa jicho. Ustadi wako wa kupatana bei hubadilisha gharama ya bunduki lakini haugusi sarafu. Na hata jeshi la NCR likipata pigo kubwa kwa mkono wako, noti haitikisiki. Historia iliyoandikwa kwa akili namna ile, kwamba pesa ni imani na imani hupanda na kushuka, imekabidhiwa mashine yenye tarakimu tatu zilizogandishwa. Ingetosha mabadiliko madogo: kituo cha NCR kipokee noti zake kwa thamani ya juu zaidi, au noti ishuke ukishawasaliti. Miezi 18 ni michache, najua. Bado hapa ndipo naona mpaka wa waandishi ulipoishia na wa mafundi wa mfumo ulipoanza, na pande hizo mbili hazikukutana.

Mapigano ya mwisho yanatokea juu ya Bwawa la Hoover. Lile halisi lilijengwa kati ya 1931 na 1936 kwenye mpaka wa Nevada na Arizona, na nyuma yake liko ziwa Mead. Atakayelichukua anapata umeme na maji kwa pamoja, yaani anapata kile ambacho kizibo kinakiwakilisha. Baada ya vita gemu inakupitisha kwenye picha za hatima: Goodsprings ilikuwaje, Primm, Freeside, wenzako wa safari. Hatima ya pesa haina picha yake.

Mchezaji aliyekuwa akisikiliza anaweza kuikokotoa mwenyewe. Bwana House, tajiri anayeitawala Strip, hukwambia mapema kwamba hana haja ya kuiangamiza NCR. Anataka tu iondoke kwenye bwawa lake, kisha irudi ikiwa mteja, maana wanaojaza makasino yake ni raia na askari wa California. Ukimpa ushindi, basi siku ya pili yake langoni patakuwa na foleni ileile, ya watu walioshindwa vita, wakibadilisha noti zao 40 kwa 100 ili wakacheze karata.